Kutoka Mrama hadi Stabilaiza: Istilahi za Springi na Shoki katika Uchaguzi wa Vipuri vya Gari la Kasi Mjini Mombasa

IKISIRI

Makala haya yanachunguza jinsi maneno ya gereji yanavyomwongoza au kumpotosha mtu anayetaka kuboresha gari lake la kasi kwa fedha kidogo, ili alitumie barabarani siku za kazi na uwanjani siku za mashindano. Hoja yetu ni kwamba istilahi iliyopatikana kwa tafsiri ya neno kwa neno inaweza kurithi kosa la lugha chanzi, na kwamba kosa hilo hulipiwa kwa fedha na wakati mwingine kwa uhai. Kwa kurejelea msamiati wa mabaharia wa Kimvita, tunaonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kueleza mwenendo wa gari. Anayeanza kwa kuitaja dosari kwa jina lake hununua kidogo na kufaidika zaidi.

1.0 UTANGULIZI

Mijadala ya istilahi katika vyuo vyetu imejikita zaidi katika isimu, sheria, tiba na kompyuta. Gereji haijapewa nafasi inayostahili, ingawa ni mahali ambapo maneno mapya huzaliwa kila siku bila kamati wala kikao. Mombasa ni mji unaofaa sana kwa uchunguzi wa aina hii. Ni mji wa bandari, na bandari hiyo ndiyo mlango wa magari yaliyotumika yanayoingia Kenya, mengi yakitoka Japani. Kiwango cha Kenya KS 1515:2000 kinataka gari la namna hiyo lisizidi umri wa miaka 8. Maana yake ni kwamba gari linaloitwa jipya mtaani huenda limeshuka melini likiwa na raba na shoki za miaka saba au minane.

Anayetoka Barabara ya Nkrumah na kufika mbele ya Ngome ya Yesu hulikuta tatizo letu limetandazwa machoni pake. Nyuma yake kuna barabara pana ya lami. Mbele yake, baada ya Ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kuna Mji wa Kale wenye vichochoro vilivyopimwa kwa hatua za watu na upana wa mikokoteni. Gari lililoshushwa chini ili lishike kona vizuri hukwaruza tumbo kwenye tuta. Gari lililoachwa kama lilivyotoka kiwandani hupita tuta kwa raha, lakini likiingia kona kwa kasi hulala ubavu. Je, mwenye gari moja na mfuko mdogo abadilishe nini kwanza?

Swali hili laonekana kuwa la fundi peke yake. Tutaonyesha kwamba ni la mwanaisimu pia, kwa kuwa mteja hununua jina kabla hajanunua chuma.

2.0 UANGAVU UNAOPOTOSHA

Miongoni mwa sifa zinazosifiwa katika uundaji wa istilahi ni uangavu, yaani hali ya neno kuibua maana yake bila maelezo marefu. Neno angavu humsaidia mwanafunzi. Hata hivyo, hatari yake haisemwi mara nyingi: neno linaweza kuwa angavu na likaangaza njia isiyo sahihi.

Tuchukue kifaa ambacho mafundi wa Mombasa hukiita shoki, na ambacho upande wa Tanzania utasikia kikiitwa shokapu au shokomzoba. Anayetaka kuonekana msomi hukataa maneno hayo ya mkopo na kusema "kifyonza mshtuko". Hii ni tafsiri sisisi ya jina la Kiingereza. Bahati mbaya ni kwamba jina hilo la Kiingereza lenyewe halielezi kazi kuu ya kifaa. Gurudumu likipanda tuta, kinachojikunja na kuupokea mshtuko ni springi. Springi ikishaupokea haiufuti, bali huuweka na kuurudisha. Ingekuwa peke yake, gari lingeendelea kuruka juu na chini mwendo mrefu baada ya tuta kupita. Kazi ya shoki ni kuutuliza mruko huo. Ndani yake mna mafuta yanayosukumwa kupitia vitundu vidogo na vali, na ule ugumu wa kupita hugeuza nguvu za mwendo kuwa joto. Kwa ufupi, springi hubeba na kupokea, shoki hutuliza.

Mfano wa kueleza tofauti hii upo Ngomeni. Katika eneo la Ngome ya Yesu umewekwa mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Mizinga ya kale ya kushindiliwa baruti mdomoni ilikuwa ikirudi nyuma pamoja na gari lake lote kila ilipofyatuliwa. Mizinga ya ufyatuaji wa haraka iliyoenea mwanzoni mwa karne ya 20 iliwekewa silinda za mafuta za kuzuia msukumo wa kurudi nyuma, na katika mingi springi ndizo zilizourejesha mtutu mahali pake. Mafuta na springi ni watumishi wawili. Mmoja akilemaa, mwenzake hawezi kuifanya kazi yake.

Sasa tutazame gharama ya jina. Mwenye gari anayeamini kwamba shoki ndiyo "inayofyonza" mishtuko husikia gari likigonga kwa nguvu kwenye matuta, akaenda kununua shoki ngumu zaidi kwa dhana kwamba zitafyonza zaidi. Matokeo ni kinyume. Shoki iliyo ngumu kupita springi yake huinyima springi nafasi ya kujikunja, na mgongo wa dereva ndio unaoufyonza mshtuko. Mwingine huona gari likiyumba baada ya kila tuta, akadhani springi zimechoka, akanunua springi mpya ngumu. Springi hizo huzidisha mruko, kwa sababu shoki kuukuu zilizoshindwa kuituliza springi laini haziwezi kuituliza ngumu.

Kutokana na hayo, tunaona kwamba mkopo "shoki" una heri kuliko tafsiri "kifyonza mshtuko". Mkopo ni giza, na kwa kuwa ni giza humlazimu msikilizaji kuuliza: hiki hufanya nini? Tafsiri hiyo humpa jibu kabla hajauliza, na jibu lenyewe si sahihi. Neno "uning'iniaji", ambalo huenda likapendekezwa kwa mfumo mzima, lina kasoro ya aina hiyo hiyo. Gari la leo limekaa juu ya springi zake, halikuning'inia. Kusema "springi na shoki zake" kunatosha na kunaeleweka.

3.0 HAZINA YA BAHARINI

Mjadala wetu usiishie katika kulaumu tafsiri. Hatua chache kutoka Ngomeni iko Bandari ya Kale, ambako kwa karne nyingi majahazi yaliingia na kutoka kwa pepo za kaskazi na kusi. Watu wa Mvita walijua chombo hutikisika kwa namna gani na kwa nini, nao wakaipa kila hali jina. Majina hayo yanaingia garini bila kulazimishwa.

La kwanza ni mrama. Leo wengi wetu tunalijua katika usemi tu: mambo yamekwenda mrama. Sitiari hiyo imefifia kiasi cha kusahauliwa kwamba mrama ni kule kulala kwa chombo upande huu na upande huu. Ndivyo lifanyavyo gari kwenye kona: likikunja kulia, kiwiliwili chake hulala kushoto. Kwa nini tutafute istilahi mpya ilhali ipo?

La pili ni jozi ya omo na tezi, yaani sehemu ya mbele na ya nyuma ya chombo. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla, omo huzama na tezi huinuka. Akikanyaga mafuta, tezi huzama. Kuinama huku si mrama, na tiba yake si ile ile.

La tatu ni mirengu, miti ya ubavuni inayoizuia ngalawa isipinduke. Katika gari ipo fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, nayo mafundi huiita stabilaiza. Umbo lake halifanani na la mirengu, lakini kazi yake inakaribiana sana: huzuia mrama. Sifa yake ya thamani ni hii: magurudumu mawili ya mbele yakipanda tuta kwa pamoja, fito huzunguka tu katika raba zake bila kuongeza ugumu wowote. Huanza kazi pale upande mmoja unapopanda na mwingine kushuka, kama ilivyo kwenye kona. Ubaya wake hujitokeza gurudumu moja linapoingia shimoni, kwani hapo hupeleka sehemu ya mshtuko upande wa pili.

La nne ni farumi, uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisimame imara. Nahodha hakuweka mzigo mzito juu ya sitaha akatarajia salama. Mwenye gari ajifunze hapo kwamba spika kubwa zilizopangwa nyuma juu, na mizigo iliyosahauliwa kwenye buti, ni farumi iliyokaa pasipostahili. Kuitoa hakugharimu hata senti moja.

Kwa msamiati huu, mteja anaweza kumweleza fundi dosari kabla hajataja kipuri. "Gari langu lina mrama mwingi kwenye kona, lakini likipita tuta hutulia mara moja" ni maelezo ya gari lenye shoki nzima linalohitaji pengine stabilaiza nene. "Likipita tuta, omo inaruka mara tatu" ni maelezo ya shoki zilizokufa. "Linagonga chini kwenye kila shimo dogo na usukani unatetemeka" ni maelezo ya bushi na boljointi. Ni dosari tatu na tiba tatu, na bei zake hazilingani.

4.0 NGAZI YA MATUMIZI

Kutokana na uchambuzi huo tunapendekeza mpangilio ufuatao kwa mwenye fedha haba. Anayeruka ngazi hulipa mara mbili.

(a) Tairi na upepo wake. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngamani ya gari ni tairi: nguvu zote za breki, kona na mwendo hurejea kwenye vipande vinne vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Seti ya tairi nzuri kwenye springi za kiwandani hulishinda gari lenye vipuri vya fahari na tairi zilizokauka. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kwa kipimo cha mkononi kilicho sahihi. Joto la uwanjani huupandisha, kwa hiyo upimwe tena kati ya mzunguko na mzunguko.

(b) Bushi, boljointi na raba za vichwa vya shoki. Hivi ni vipande vya bei ndogo vinavyoshikilia kila kitu mahali pake. Raba iliyopasuka huliacha gurudumu lichague njia yake. Kwa gari lililoingia nchini na raba zake za awali, hapa ndipo fedha kidogo huzaa matokeo makubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

(c) Shoki. Kwa matumizi mawili, ya barabarani na uwanjani, shoki nzuri zilizotengenezwa kufanya kazi na springi za kiwandani, au springi zilizoongezewa ugumu kidogo, ndizo nunuo la busara kuliko yote. Shoki za mitumba zitazamwe kwa makini: alama ya mafuta yanayovuja kwenye shina, kutu, na shina linalosukumika bila upinzani ni sababu za kuziacha. Zibadilishwe mbili mbili katika ekseli moja, kwa kuwa gari lenye shoki hai upande mmoja na mfu upande wa pili ni hatari kwenye breki.

(d) Stabilaiza. Hapa hesabu inastaajabisha. Ugumu wa fito nzima isiyo na tundu hukua kwa kipeo cha nne cha unene wake. Fito ya milimita 22 ikilinganishwa na ya milimita 20 yenye umbo lile lile ina ugumu uliozidi kwa takriban asilimia 46, ilhali jicho huona tofauti ya milimita 2 tu. Kuiongeza nguvu fito ya nyuma humsaidia dereva ambaye omo ya gari lake hukataa kukunja kona. Akizidisha, tezi itaanza kuteleza, hasa kwenye lami yenye maji ya mvua za masika.

(e) Springi. Zinunuliwe mwisho na kwa kiasi. Springi ya kilo 4 kwa milimita huhitaji uzito wa kilo 40 ili ishuke sentimita 1. Ile ya kilo 8 huhitaji kilo 80. Kwenye lami laini ya uwanja springi ngumu hupunguza mrama. Kwenye barabara yenye mashimo, gurudumu lenye springi ngumu kupita kiasi hurukia hewani, na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Ama zile shoki za kurekebisha urefu kwa uzi wa skrubu, zinavutia kwa jina na kwa rangi, lakini za bei ya chini kabisa mara nyingi hubania fedha ndani ya vali, mahali ambapo mnunuzi haoni. Tena hewa ya chumvi ya Mombasa hula uzi huo. Asiyeusafisha na kuupaka grisi hujikuta na kirekebishi kisichorekebishika.

Baada ya kila badiliko la sehemu hizi, ukiacha upepo, mielekeo ya magurudumu ipimwe upya. Kuacha kupima ni kuzila tairi zile ulizozinunua kwanza.

5.0 KUKATA SPRINGI

Upo utaratibu wa mtaani unaodaiwa kuwa wa bei rahisi kuliko yote: kukata duara moja la springi kwa msumeno, au kuichoma kwa gesi hadi ikae chini. Utaratibu huu unastahili kusemwa kwa lugha nzito.

Springi yenye maduara 6 yanayofanya kazi, ikikatwa moja, huongezeka ugumu kwa asilimia 20, na papo hapo hufupika. Shoki yake haikufupika wala haikuongezewa nguvu. Hufanya kazi karibu na mwisho wa masafa yake na kugonga raba ya kizuizi kwenye kila shimo. Gurudumu likining'inia, springi fupi hulegea na inaweza kuhama kwenye kikalio chake. Kuichoma kwa gesi ni kubaya zaidi, kwani moto huharibu ule ugumu wa chuma ulioifanya iwe springi.

Kuna jambo lingine lisilofahamika na wengi. Katika magari mengi ambayo springi ya mbele imezungushwa juu ya shoki yake, kulishusha gari kupita kiasi huuinamisha mkono wa chini wa gurudumu. Hali hiyo hukishusha kitovu cha mrama kwa haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali baina ya vitovu hivyo viwili ndio unaoupa mrama nguvu. Ukikua, mrama hukua. Basi aliyekata springi ili kuzuia mrama huenda ameuongezea chakula. Hapa "kushusha gari" na "kuzuia mrama", mambo mawili yanayochukuliwa mtaani kuwa visawe, yanadhihirika kuwa yanaweza kupingana.

6.0 USHAHIDI WA SAFARI RALLY NA WA IMPREZA

Historia ya mashindano ya magari nchini Kenya inaunga mkono uchaguzi wa kiasi. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na baada ya mwaka 2002 ilitoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia hadi iliporejea mwaka 2021 Naivasha. Sifa yake imekuwa kwamba magari huandaliwa ili yadumu kwenye mawe, vumbi na matope, magurudumu yakipewa masafa marefu ya kupanda na kushuka. Mwaka 1965 Joginder Singh, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwake. Maandalizi yalilishinda lebo la upya.

Tuchukue pia Subaru Impreza, gari linalopendwa na vijana wa Kenya. Katika vizazi viwili vya kwanza, vya kuanzia mwaka 1992 hadi 2007, magurudumu yote manne yana springi iliyozungushwa juu ya shoki. Katika kizazi kimoja, shoki na springi za toleo la STI kwa kawaida zinaweza kufungwa kwenye WRX, mradi fundi athibitishe matundu ya boliti na vichwa vyake. Kwa mwenye WRX, seti kama hiyo iliyo nzima ni njia ya kiasi: springi na shoki zimelinganishwa na kiwanda, gari halikushushwa mno, na tuta la njia ya nyumbani bado linapitika. Sharti ni lile lile la ngazi yetu: kwanza tairi, kisha raba, ndipo seti hiyo ifuate.

7.0 HITIMISHO NA MAPENDEKEZO

Tumejaribu kuonyesha kwamba uchaguzi wa kipuri huanza katika neno. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, waundaji wa istilahi wasiukimbie mkopo uliokwisha kukubalika gerejini, kama shoki, bushi na stabilaiza, kwa ajili ya uangavu wa tafsiri ambayo haijapimwa na kazi ya kifaa. Kinachohitajika ni fasili sahihi: shoki iandikwe katika kamusi kuwa ni kifaa kinachotuliza mruko wa springi, si kinachofyonza mshtuko. Pili, msamiati wa mabaharia, hasa mrama, omo, tezi na farumi, utumiwe kueleza mwenendo wa gari katika vitabu vya ufundi vya Kiswahili. Tatu, wanafunzi wetu watoke madarasani wakayakusanye maneno ya gereji kabla hayajapotea, kwa unyenyekevu ule ule wanaoutumia kukusanya tungo za wazee.

Faida yake haitakuwa ya kamusi peke yake. Kijana anayeshika usukani akiwa na maneno sahihi humwambia fundi gari linafanya nini badala ya kumwambia amsikia nani akisifu kipuri gani. Fedha zake huenda kwenye tairi na raba, na springi zake hazifikiwi na msumeno. Atakapofika kwenye kona yenye maji usiku, tofauti ya maneno hayo mawili, kupokea na kutuliza, itakuwa imekwisha kufanya kazi chini ya miguu yake.